Tamko la Maronjoi Kuhusu Ndiva ya Kwesingo

Jumatatu, saa nne kasoro asubuhi, wananchi wa Maronjoi walitangaziwa kwamba kijiji chao sasa kina Sera ya Mambo ya Nje. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, na nakala yake ikarushwa kwenye grupu la WhatsApp ili asiyepita mlangoni asije akasema hakujua. Sera yenyewe ilikuwa na kurasa kumi na saba. Kurasa kumi na moja kati ya hizo zilieleza nani akae wapi wageni wakija.

Aliyeiandika ni Fanueli, katibu wa Kamati ya Ujirani na Mambo ya Nje, kwa kifupi KAUMANJE. Alilisoma tangazo lake mara tatu, amesimama nje kama mpita njia, akaliona limetulia. Kuanzia Bendera kule tambarare mpaka Bombo juu milimani, hakukuwa na kijiji kingine chenye kitu kama hicho. Vijiji vingine vilikuwa na zahanati.

Wazo lilikuwa la Mwenyekiti wa Kijiji, Mheshimiwa Rodgers, ambaye alihudhuria semina ya siku mbili pale Same mjini na kurudi na begi la nailoni, kalamu mbili, na neno "diplomasia". Begi lilichanika baada ya wiki. Kalamu aliazima mtu. Neno ndilo lililobaki, na watu wa Maronjoi wakakoma.

Sasa ili uelewe ukubwa wa jambo, ijue kwanza njia ya maji. Mto unaanzia juu, kijiji cha Igomba, kwenye ukungu na mashamba ya tangawizi. Unateremka mpaka Kwesingo, katikati ya mlima, ambako kuna ndiva: bwawa la mawe na udongo walilolichimba mababu wa Kipare kwa mikono yao. Jioni tundu la ndiva linazibwa, maji yanajaa usiku kucha, asubuhi linazibuliwa na mifereji inagawana kwa zamu. Kwesingo wanamwagilia mpaka saa sita mchana. Yanayobaki yanashuka Maronjoi, kule chini kwenye vumbi. Maronjoi haina ndiva. Haijawahi kuwa nayo, na kila anachokula mtu wa Maronjoi kimepitia kwanza Kwesingo.

Wakati sera inazinduliwa, mahindi ya Maronjoi yalikuwa yanatoa mbelewele. Mkulima yeyote atakwambia kwamba hindi la mbelewele halina subira. Likikosa maji siku kumi, utavuna mabua ya kulisha mbuzi. Fanueli mwenyewe alikuwa na ekari moja na nusu, na hakuwa na kingine.

Ndipo Igomba wakaanza.

Igomba na Maronjoi ni mahasimu wa siku nyingi. Wamegombea siku ya gulio, wamegombea kombe la mbuzi, wamegombea hata mchungaji. Lakini safari hii Lukasi, mwenyekiti wa Igomba, hakuigusa Maronjoi. Alitangaza kwamba ndiva ya Kwesingo ni mali ya Igomba tangu enzi, kwa sababu babu yake ndiye aliyeweka jiwe la kwanza, na aliyeweka jiwe la kwanza ndiye mwenye mawe yote. Alikuwa na ramani ya kuthibitisha. Ilichorwa na mkwewe wiki iliyotangulia. Halafu akateremsha vijana arobaini wenye mapanga mpaka mpakani, akasema ni mazoezi ya kawaida ya kufyeka. Siku ya kwanza walifyeka majani yote. Siku ya pili wakawa wanafyeka hewa.

Jumanne mchana simu ya Fanueli ikalia. Alikuwa Raheli, mdogo wake, aliyeolewa Kwesingo huu mwaka wa kumi na mbili.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Mbaya. Wale vijana wa Lukasi wameshavuka korongo. Wamekaa juu ya ndiva yetu, wananoa mapanga kwenye mawe ya ndiva yenyewe."

Fanueli akavuta daftari. "Wako wangapi?"

"Arobaini. Na wanaume wetu unawajua, nusu wako Dar, nusu wako kwenye mkonge huko Tanga. Tumebaki wanawake na vikongwe."

"Nimeandika. Wananoa kwa nia gani?"

"Fanueli, unaniuliza nia ya mtu anayenoa panga?"

"Lazima tuwe na taarifa kamili, dada. Hatuwezi kukurupuka."

"Njooni tu. Hata mkija mkakaa chini, inatosha. Wakiona watu wengi watarudi kwao, nawajua, ni watoto wa shangazi zetu. Wakiona tuko peke yetu watafunga maji. Na wakifunga, na nyie huko chini kwisha habari yenu."

"Suala lenu tumelipokea," Fanueli akasema, "na tunalifanyia kazi."

Raheli akakata simu. Fanueli akaandika kwenye daftari: mawasiliano yamekwenda vizuri.

Kesho yake KAUMANJE ilikaa kikao cha dharura. Wajumbe walikuwa saba. Mwenyekiti Rodgers. Katibu Fanueli. Mwanaidi, ambaye ndiye mgawa maji wa mfereji wa Maronjoi, mama mwenye sauti ya kuita watu walioko ng'ambo ya bonde. Sendeu, mwakilishi wa wafugaji, ambaye ng'ombe wake hunywa mwisho kabisa wa mfereji huohuo. Na wengine watatu waliochaguliwa kwa sababu hawasemi.

Rodgers alifungua sera ukurasa wa kumi na nne. "Ndugu wajumbe, kijiji kinaweza kujibu tishio kwa ngazi saba. Kufuatilia kwa karibu. Kuguswa. Kuwa na wasiwasi. Kuwa na wasiwasi mkubwa. Kusikitishwa. Kulaani. Na kulaani vikali."

"Na ngazi ya nane?" Mwanaidi akauliza.

"Hakuna ngazi ya nane."

"Basi tulaani vikali tuende shamba."

"Mama, huwezi kuruka ngazi. Na kulaani vikali kunahitaji muhuri mwekundu. Muhuri mwekundu hatujanunua."

Fanueli akatikisa kichwa kukubali. Yeye ndiye aliyeweka hicho kifungu, na alikionea fahari.

Mwanaidi akavuta kiti mbele. "Mwenyekiti, mimi sikusoma semina. Lakini kuna msaragambo. Kwesingo wakipuliza pembe, kila anayeisikia anabeba jembe anakwenda, ndivyo tulivyokuta. Tupande wote, tukasafishe ndiva. Hakuna atakayepigana na mtu. Nani atampiga panga mama anayezoa tope?"

"Msaragambo ni kwa mambo ya ndani," Rodgers akasema kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. "Hili ni suala la nje. Kwesingo ni nchi jirani."

"Nchi? Mbona jogoo wao akiwika sisi tunaamka?"

Wale watatu wasiosema walicheka, lakini kwa ndani. Rodgers akaamuru neno jogoo lisiingie kwenye muhtasari.

Rasimu ya tamko ikasomwa. Fanueli alikuwa ameihenyekea tangu alfajiri: "Kijiji cha Maronjoi kinafuatilia kwa karibu hali ya kutoelewana kuhusu baadhi ya vimiminika katika ukanda wa juu, na kinazitaka pande zote mbili zijizuie." Neno maji lilikuwemo mwanzoni. Liliondolewa kwa kuhofia kwamba lingewaudhi wanaoyataka.

Sendeu alikuwa ameegemea fimbo yake muda wote. Akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, nina swali moja. Pande zote mbili zijizuie. Sawa. Upande mmoja umeshika panga. Upande wa pili umeshika ndoo. Huyu wa ndoo ajizuie nini?"

"Ajizuie na ndoo," Rodgers akajibu. "Sisi hatuna upendeleo."

"Haya. Kwetu, simba akiingia boma la jirani hatuulizi ng'ombe ni wa nani. Tunakwenda. Kwa sababu akishamaliza kule, mimi ndiye wa pili."

"Mzee Sendeu, hapa tunazungumzia binadamu."

"Nami ninazungumzia haohao," akasema Sendeu.

Tamko likapita kwa kura tano dhidi ya mbili, likarushwa WhatsApp saa nane mchana, kwenye grupu la vijiji vyote vitatu. Igomba wakajibu kwa kidole gumba. Kwesingo wakajibu: "Ahsanteni. Mnakuja lini?" Kamati ililipokea swali hilo, ikaona liko nje ya ajenda.

Mtu mwingine angeishia hapo. Rodgers hakuishia hapo, maana mjinga akipewa cheo hapumziki. Alhamisi alitangaza diplomasia ya ana kwa ana. Akavaa koti, akamchukua Fanueli, wakapanda bodaboda mbili mpaka Igomba kuonana na Lukasi.

Njia ya kwenda Igomba inapita Kwesingo, hakuna nyingine. Kwenye kona ya ndiva wanawake walikuwa wamekaa pembezoni mwa barabara na ndoo zao, vijana wa mapanga wako juu yao. Waliposikia pikipiki wakasimama wote. Raheli alikuwa mbele. Alimwona kaka yake, akainua mkono, uso wote umefunguka. Rodgers akawapungia kama anavyopungia mgombea. Bodaboda hazikupunguza mwendo. Fanueli aligeuza shingo akatazama upande wa bonde, akawa anahesabu migomba.

Igomba walipokewa kwa nyama ya mbuzi na dengelua, ile pombe ya miwa ambayo mtu wa mlimani hakupi ila anakupenda au ana shida na wewe. Lukasi, jibaba la sweta zito na kicheko kikubwa, akawakatia nyama kwa mkono wake.

"Nyie Maronjoi hatuna neno na nyie," akasema. "Neno letu ni na hawa wa katikati. Wana kiburi."

"Sisi mambo ya wengine hatuingilii," Rodgers akasema.

"Ndiyo maana nakuheshimu, Mheshimiwa. Wewe ni mtu wa dunia."

Rodgers alivimba mpaka kifungo cha koti kikalalamika. Fanueli alitaka kusema kwamba kule katikati ana dada. Maneno yalifika mpaka kooni kabisa. Lakini mdomo ulikuwa na nyama, na nyama ilikuwa laini. Akashushia dengelua, na dada akashuka nayo.

Saa kumi wakatia saini. Mkataba ulikuwa wa mstari mmoja, Fanueli aliuandika kwa mwandiko wake bora: Igomba inaahidi kutoigusa kamwe ndiva ya Maronjoi. Lukasi alitia saini haraka sana. Alikuwa anauma midomo, na Rodgers akadhani ni hisia.

Jioni ile Maronjoi ilitangaziwa amani ya kudumu. Watu walikusanyika mbele ya ofisi, Rodgers akainua karatasi. Mwanaidi akaomba asomewe tena. Akasomewa.

"Ndiva ipi?" akauliza.

"Ya Maronjoi."

"Sisi tuna ndiva?"

"Mama Mwanaidi," akasema Rodgers, "huo ndio ukomavu wa diplomasia. Umelinda kitu hata kabla hujakipata."

Fanueli alipiga makofi. Alipiga peke yake kwa muda kidogo, halafu akaacha.

Ijumaa asubuhi, Igomba wakaziba tundu la ndiva ya Kwesingo kwa magogo na udongo, wakakata njia ya pembeni na kuyageuza maji kwenda kwenye tangawizi zao za bondeni, chini ya ndiva. Saa sita mchana mfereji wa Maronjoi ulileta majani makavu na chura mmoja. Jumamosi haukuleta hata chura.

KAUMANJE haikulala. Jumamosi iliguswa. Jumapili, baada ya ibada, ikawa na wasiwasi. Jumatatu wasiwasi ukawa mkubwa. Jumanne ikasikitishwa. Kila siku ngazi moja, kwa utaratibu, na kila siku Fanueli alirusha tamko jipya, na chini ya kila tamko Kwesingo walikuwa wakiandika neno moja tu, "Njooni", mpaka Rodgers akawaondoa kwenye grupu kwa kosa la kurudiarudia.

Jumanne hiyo mchana Fanueli alikwenda shambani kwake. Mahindi yalikuwa yamekunja majani, membamba kama sigara, na mbelewele imeanza kukauka kwa juu. Akashika bua moja. Likatoa sauti ya karatasi. Usidanganyike na kurasa kumi na saba, mwanamume yule aliogopa. Aliwaza unga, aliwaza ada za shule, aliwaza Raheli pale barabarani na mkono wake juu. Halafu akawaza kwamba kesho ni siku ya kulaani, akapata nguvu kidogo.

Jumatano saa moja asubuhi, pembe ikalia Kwesingo.

Ililia mara tatu, ndefu, ikateremka bonde zima mpaka tambarare. Hakuna mtu wa upande ule asiyejua maana yake. Rodgers aliisikia akiwa ananyoa ndevu, akaitisha kikao mara moja ili kujadili kama pembe ile iliielekea Maronjoi rasmi au ilikuwa inapita tu.

Saa mbili walikaa. Walikuwa wawili.

"Wajumbe wengine wako wapi?" Rodgers akauliza.

Fanueli akachungulia dirishani. Barabara ya mlimani ilikuwa imejaa watu. Mwanaidi alikuwa mbele na jembe begani, akiita mpaka majina ya watu waliokwisha kuwa nyuma yake. Sendeu na wafugaji wenzake walikuwa wanapandisha ng'ombe, jambo ambalo halijawahi kuonekana, ng'ombe wa nyika wanakwea mlima kama wanakwenda harusini. Hata wale watatu wasiosema walikuwa wameondoka, bila kusema.

"Wamepanda, Mheshimiwa."

"Bila barua ya mwaliko?"

"Bila barua."

Rodgers akaumia kwelikweli. "Akidi ni wajumbe wangapi?"

"Watano."

"Basi hatuwezi hata kulaani." Akafunga sera. "Unaona hasara ya watu kukurupuka, Katibu? Leo ilikuwa siku ya kulaani."

Walibaki ofisini mchana kutwa, kwa sababu kikao kisichofunguliwa hakiwezi kufungwa. Mara mbili Fanueli aliinuka akafika mlangoni. Mara ya pili alishika kitasa. Pembe ikalia tena kule juu. Rodgers akasema, "Katibu, muhtasari," naye akarudi akakaa.

Saa tisa alasiri wakasikia mchirizi. Wakatoka nje. Maji yalikuwa yanakuja kwenye mfereji, mekundu kwa udongo, yanasukuma vumbi na majani mbele yake, na mbuzi wa jirani anayakimbilia.

"Unaona?" Rodgers akasema. "Diplomasia ni mbegu."

Mwanaidi aliteremka jua linazama, tope mpaka kiunoni, na hakuwa na haja ya kuulizwa. Walipofika juu walikuwa mia tatu na zaidi. Walizunguka ndiva wakaanza kuzoa tope na kuvunja magogo, hakuna aliyemtukana mtu. Ng'ombe wa Sendeu wakajaa kwenye njia ile ya pembeni wakalala humo, ukitaka kupitisha maji uwainue kwanza. Wale vijana arobaini walisimama na mapanga yao, hawajui wafanye nini. Halafu likatokea ambalo Lukasi hakulipigia hesabu. Pembe haina mpaka, inasikika na juu vilevile. Wanawake wa Igomba waliisikia, wakateremka na majembe, kwa sababu msaragambo ukiitwa ni lazima. Kijana wa kwanza kumwona mama yake mzazi ndani ya tope alificha panga nyuma ya mgongo.

"Mama yake akamwuliza, hilo panga ni la nini," Mwanaidi akasema. "Akasema la kukatia kuni. Akaambiwa basi kakate, tunapika makande. Wote arobaini wakaenda kuni. Mapanga yakapata kazi."

"Na Lukasi?" Fanueli akauliza.

"Lukasi alikaa juu ya jiwe la babu yake peke yake mpaka saa nane. Tulipozibua, maji yakachukua kiatu chake kimoja."

Usiku huohuo likatoka tamko la ngazi ya nane, ngazi mpya kabisa, ya kujipongeza. Lilisema juhudi za kidiplomasia za Maronjoi zimezaa matunda.

Ijumaa ikaja barua kutoka Kwesingo. Barua rasmi, ya kuandikwa kwa mkono, yenye majina mawili tu: Mheshimiwa Rodgers na Katibu Fanueli. Wanaombwa kufika kwenye ndiva kesho, saa tatu, bila kukosa. Rodgers aliisoma akakaa chini. Kumbe wanajua kushukuru! Akapeleka suti ipigwe pasi, akaandika hotuba ya kurasa tisa.

Jumamosi watu walikuwa wamejaa kuzunguka ndiva, wa Kwesingo, wa Maronjoi, wa Igomba, kila mtu na sahani ya makande. Rodgers alitafuta meza kuu, hakuiona. Alitafuta kipaza sauti, hakukiona. Aliona ndiva imetolewa maji, sakafu yake imezolewa tope lote mpaka mawe yanaonekana. Isipokuwa upande mmoja. Pale tope lilikuwa limeachwa jeusi, zito, la kufika magotini, limegawanywa vipande kwa vijiti.

Na ndani ya kipande kimoja alikuwa Lukasi, sweta kalifunga kiunoni, anazoa.

Raheli akasimama na daftari la msaragambo mkononi. "Nadhani wageni wetu utaratibu wanaujua, ila tuwakumbushe," akasema. "Aliyeisikia pembe akakaa nyumbani, asiwe mgonjwa, asiwe na msiba, kipande chake tunamtunzia. Atakizoa mwenyewe. Hatumi mtu. Mpaka akimalize, shamba lake haliko kwenye zamu ya maji. Lukasi, hatua kumi. Rodgers, hatua ishirini. Fanueli, hatua ishirini."

Rodgers alitabasamu, akidhani ni mzaha wa ufunguzi. Alipoona hakuna anayecheka, akakohoa. "Ndugu zangu, pana kosa la kiutendaji. Mimi siku ile nilikuwa kwenye kikao. Na kikao kilihusu pembe hiihii."

"Basi uliisikia vizuri," akasema Mwanaidi. "Wengine tulikuwa tunadhani labda masikio."

"Lakini hii haiwezekani!" Rodgers akapandisha sauti. "Huyu ndiye aliyeleta mapanga! Huyu ndiye aliyefunga maji! Yeye kumi, mimi ishirini? Kwa misingi ipi?"

"Lukasi alikuwepo," akasema Raheli. "Alikuwepo kwa ubaya, tumemtwisha ubaya wake. Lakini alisimama hapa, tukamwona, tukajua tunashindana na nani. Wewe hatukukuona. Tulikuona siku moja tu, unapita na pikipiki, unatupungia."

Watu wakaguna, mguno mmoja mzito. Rodgers akamgeukia Fanueli. "Katibu, wasomee sera."

Fanueli alikuwa nayo kwapani, kurasa kumi na saba zote. Raheli akamsogelea na jembe. Alimtazama usoni, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya hasira.

"Kaka, ulikuwa na mgonjwa?"

"Hapana."

"Ulikuwa na msiba?"

"Sikuwa na msiba."

"Sasa ulikuwa wapi?"

Majibu alikuwa nayo. Angeweza kusema akidi, angeweza kusema taarifa kamili, angeweza kusema vimiminika. Alifungua mdomo, akaona aibu, ile ya kweli inayochoma masikio.

"Nilikuwepo tu," akasema. "Nilikusikia, nikakaa."

Akaiweka sera chini kwenye majani. Akavua viatu, akakunja suruali, akapokea jembe, akashuka. Tope lilikuwa baridi na lilimfika juu ya magoti. Raheli hakuondoka ukingoni.

Juu, Rodgers alikuwa amekwisha kuifungua hotuba yake. "Itifaki imezingatiwa," akaanza, na watu wakarudi kwenye makande.

Lukasi akanyoosha mgongo, akajifuta uso kwa kiwiko, akaita kutoka kwenye tope. "Bwana Rodgers, shuka, usijisumbue. Mimi niliyekuja kuiba nimepewa kumi. Ukizidi kuhutubia hawa wanawake watakuongezea."

Rodgers akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Sendeu akasogea, akampa mkono wa kumshikilia ili asiteleze. Mwenyekiti akashuka na suti yake.